Bi Pamba Amshonea Joka Godoro

Kaeni vizuri, na mwenye kutaka kupiga miayo apige sasa hivi, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Halafu hadithi yenyewe ina miayo ya kutosha ndani yake.

Katika mji mmoja uliokaa chini ya kilima aliishi mshona magodoro. Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau, hata mumewe alilikumbuka kwa kubahatisha, maana mji mzima ulimwita Bi Pamba. Alipokuwa kazini pamba zilimganda kwenye nywele, nyusi na kope, akawa mweupe kichwa kizima. Wageni wakimwona walidhani ni bibi kizee, wakamwamkia shikamoo. Naye, ambaye hakuwa na hata mvi moja, aliitikia marahaba bila haya na kuwaacha waende zao.

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake. Mlango wake wa mbao haukuwahi kufungika sawasawa, kwa kuwa pamba zilijaa mpaka kizingitini. Ukutani zilining'inia sindano zake, nyingine fupi kama kidole, nyingine ndefu kama mkono. Bi Pamba alikaa chini kwenye turubai akichambua pamba kwa vidole mpaka ziwe nyepesi kama povu, kisha akazishindilia ndani ya kitambaa cha mistari na kushona mdomo wake. Godoro likikamilika alilipima kwa njia moja tu: alijilaza juu yake. Akipitiwa na usingizi, godoro limefaulu. Akibaki macho, alilifumua lote na kuanza upya. Wateja walizoea kuingia wakamkuta anakoroma, wakasubiri kwa heshima huku wakinong'ona, "Kimya jamani, langu liko kwenye mtihani."

Mumewe alikuwa seremala wa vitanda, na karakana yake ilikuwa chumba cha pili, mlango mkabala na wa mkewe. Alikuwa mtu wa miraba minne. Aliweza kubeba kitanda kizima kichwani huku anapiga mluzi. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja uliojulikana mtaa mzima: aliogopa mijusi. Mjusi akipita ukutani, Seremala alikuwa tayari yuko juu ya meza, randa mkononi, anaita, "Mama! Mama, njoo! Ameniangalia!"

Mama yake, waliyekuwa wakiishi naye, ndiye aliyekuja na ndala kumfukuza mjusi. Alikuwa mwembamba kama uzi, ulimi wake mkali kama wembe, na hakuna godoro lililowahi kumridhisha. Kila asubuhi mazungumzo yalikuwa yale yale.

"Umeamkaje, Mama?" Bi Pamba alimuuliza.

"Aamke nani, mkamwana, na mimi sikulala? Godoro lako lina donge."

"Donge liko wapi, Mama?"

"Lingekuwa linatulia mahali pamoja ningekwambia. Linatembea."

Bi Pamba alicheka, akalifumua godoro, akalijaza upya. Mama mkwe naye alimmiminia chai, akamchagulia pamba kwenye nywele moja moja, huku akiendelea kulalamika. Hivyo ndivyo walivyopendana.

Sasa, juu ya kile kilima palikuwa na pango, na pangoni alikaa Joka. Hakuna aliyemwogopa sana. Alikuwa amelala tangu enzi za babu wa babu zao, moshi mwembamba ukitoka pangoni taratibu kama vile ndani kuna mtu anachemsha chai. Kina mama waliwaambia watoto, "Aliyelala usimwamshe," na watoto wakaenda kuchezea upande mwingine.

Basi msimu mmoja Joka akaamka, na wala hakuna aliyemwamsha.

Alinguruma kutwa kucha. Akichoka kunguruma pangoni, alishuka mjini, macho yamemwiva kama pilipili, akachoma chochote kilichomkera. Alichoma nguo zilizoanikwa. Alichoma kofia ya mwalimu mkuu ikiwa kichwani mwa mwenyewe, bila kumuunguza hata unywele. Alipiga chafya mbele ya ofisi ya Mkuu wa Mji, na sharubu za Mkuu, ambazo alizipaka mafuta asubuhi na jioni, zikabaki upande mmoja tu.

Kibaya zaidi, kwa ngurumo zile hakuna mtu aliyepata usingizi. Watu walitembea kama wanaoota wakiwa wamesimama. Muuza maziwa aliyamimina maziwa kwenye kikapu cha mayai. Kinyozi alimnyoa mteja nyusi badala ya ndevu, na mteja mwenyewe akashukuru na kwenda zake bila kugundua.

Mkuu wa Mji akaitisha mkutano. Alisimama mbele ya watu akiwa ameziba nusu ya mdomo kwa leso.

"Nani shujaa kati yenu?" aliuliza.

Mchinjaji, aliyekuwa akijisifu kila siku kwamba fahali wakimwona hupiga magoti, akachukua mkuki na kupanda kilima. Alirudi mbio bila mkuki, na suruali yake haina sehemu ya kukalia.

"Kakufanya nini?" watu walimuuliza.

"Kaniangalia tu," alisema Mchinjaji, akitweta, mgongo kaubana ukutani. "Kaniangalia, halafu kapiga miayo."

Bi Pamba alikuwepo mkutanoni. Neno lile la miayo lilimkaa kichwani. Mnyama mkali hunguruma, alijiambia, mwenye njaa hulamba midomo, lakini anayepiga miayo ana shida nyingine kabisa. Alirudi kazini kwake akiwa anawaza.

Siku ya soko, jua likiwa la utosi, Joka alishuka tena. Safari hii alipita mtaa wa mafundi. Watu walisema mguu niponye, kila mmoja na njia yake. Seremala alizama chini ya kitanda alichokuwa akikitengeneza, akisahau kwamba hakijawekwa mbao za pembeni, hivyo alionekana mwili mzima, kichwa mpaka kisigino. Bi Pamba alibaki pale pale kwenye turubai. Si kwamba hakuogopa. Moyo ulikuwa ukimdunda kama mchi kinuni. Lakini alikuwa katikati ya mshono, na uzi uko kati ya meno.

Kichwa cha Joka kikaingia mlangoni. Pumzi yake ya moto ilizirusha pamba zote zikaelea chumbani kama mawingu. Cheche moja tu, aliwaza Bi Pamba, na nyumba nzima imekwisha. Joka akafungua kinywa. Yakaonekana meno, ukaonekana ulimi, likaonekana koo jekundu kama tanuri.

Kisha akapiga miayo.

Miayo, kama mjuavyo, huambukiza. Bi Pamba akapiga miayo. Joka akamjibu kwa mwingine mrefu zaidi. Chini ya kitanda Seremala naye akapiga, ingawa meno yalikuwa yanamgongana kwa hofu. Sauti ikatoka chumba cha ndani.

"Nani huyo anayepiga miayo bila kuziba mdomo? Kakulia wapi?"

Joka alishtuka, akaziba mdomo kwa ukucha. "Samahani, Bibi," alisema kwa sauti nzito kama ngoma.

Bi Pamba aliposikia samahani, hofu ilimpungua nusu. Akatoa uzi mdomoni. "Mzee," alimwambia, "mara ya mwisho kulala vizuri ilikuwa lini?"

Machozi yakamlengalenga Joka. Yalipoanza kumtiririka mashavuni yalichemka, yakageuka mvuke. "Hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo," alisema. "Wote huuliza nimekula nani."

"Na umekula nani?" Mama mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Sijala mtu, Bibi. Mimi hula mawe ya makaa. Watu wana vifungo vingi mno, vinakwama kwenye meno."

"Unalalia nini?" Bi Pamba aliuliza, maana hilo ndilo alilomuuliza kila mteja.

"Dhahabu," Joka alijibu kwa unyonge. "Baba yangu alilalia dhahabu, babu yangu alilalia dhahabu. Kwetu ndivyo tunavyolala. Nilipokuwa kijana magamba yalikuwa magumu, sikuhisi kitu. Sasa nimezeeka, taji linanichoma ubavuni, bakuli la fedha limenikaa chini ya kiuno. Nikavumilia. Lakini mwaka huu shangazi yangu amefariki, akaniachia vinara vyake vya mishumaa. Vinara, Fundi! Vina ncha! Kuvitupa siwezi, ni vya marehemu. Kuvilalia siwezi, ni vinara."

"Pole sana, Mzee," alisema Bi Pamba, na alisema kweli. "Sogea mwangani nikupime."

Futi yake ya kushonea haikufika hata kwenye bega la Joka. Akachukua kamba ya kuanikia nguo, akaunganisha na ya jirani, na ya jirani wa jirani, akatembea nazo kutoka puani mpaka mkiani. Mkia ulikuwa umeishia mbele ya duka la viatu. Joka alisimama tuli kama mtoto anayepimwa sare ya shule, ila alipopimwa kwapa alicheka kwa kutekenywa, na moshi ukajaa mtaa.

"Godoro likiwa tayari nitakuletea mwenyewe," alisema Bi Pamba. "Lakini nami nina ombi. Usiingurumie kazi yangu. Nikikosa usingizi mishono inapinda."

Joka aliahidi, akapanda zake kilimani kwa ncha za vidole.

Habari zikamfikia Mkuu wa Mji kabla hata moshi haujaisha mtaani. Alikuja mwenyewe, leso mdomoni, akafunga mlango nyuma yake, ukafunguka tena kwa sababu ya pamba.

"Bi Pamba," alisema kwa sauti ya chini, "umetupatia nafasi ya dhahabu. Mshonee godoro lake, ila badala ya pamba utajaza baruti. Akishalala, akikohoa kidogo tu, tumemaliza kazi. Dawa ya moto ni moto."

Bi Pamba aliweka sindano chini. "Mheshimiwa, anayelala ni mtu aliyeniamini. Anafumba macho kwa sababu anajua nilichomwekea chini ya mgongo. Nikiweka baruti kwenye godoro moja, nani atalala tena kwenye mengine? Wewe utalala?"

Mkuu alifikiria godoro lake nyumbani.

"Naweza kukufungia kazi," alisema.

"Nifungie. Dawa ya kukosa usingizi ni godoro, na kwa baruti utatafuta fundi mwingine."

Mkuu alikuwa na la kujibu, lakini Mama mkwe alikuwa ametokea mlango wa ndani akiwa na ndala mkononi, ile ile ya mijusi. Mkuu akakumbuka ana kikao.

Kazi ikaanza. Chumba hakikutosha, ua haukutosha; wakatandaza kitambaa katikati ya uwanja wa soko. Bi Pamba alitoa pamba zake zote, hata zile za akiba zilizokuwa darini. Watu walipoona Joka hangurumi tena mchana, walikuja mmoja mmoja kusaidia. Kinyozi alichambua, Muuza maziwa akabeba, na Mchinjaji, akiwa na suruali mpya, alikanyaga pamba ili zishikane. Godoro likawa kubwa kama paa la soko. Wakalifunga kwenye mikokoteni iliyounganishwa, wakalisukuma mpaka pangoni, Seremala akisukuma kwa nguvu kuliko wote lakini amefumba macho.

Joka alikuwa ameshatoa dhahabu yote nje na kufagia. Wakamtandikia. Akapanda kwa tahadhari, guu moja baada ya jingine, akalala kwa tumbo. Godoro likambonyea kila mahali palipomuuma. Akashusha pumzi ndefu.

"Kumbe," alisema. "Kumbe kulala ndiko huku."

Akajigeuza ubavu. Akajigeuza chali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akatupa miguu yote hewani, na akapitiwa na usingizi wa pono palepale. Watu wakakumbatiana. Bi Pamba akafuta jasho. Joka akaachama, akavuta hewa, akakoroma.

Mwali mmoja tu ulitoka. Godoro likashika kama karatasi.

Waliteremka kilima mbio, wengine kwa miguu, wengine kwa makalio. Walipogeuka kuangalia, Joka alikuwa amekaa katikati ya majivu, amejifunika uso kwa mabawa, analia mvuke.

"Nilisema mimi!" alipiga kelele Mkuu, aliyekuwa akisubiri chini ya kilima. "Nilisema!"

"Ulisema baruti, Mheshimiwa," Bi Pamba alimjibu huku akikung'uta majivu. "Ingekuwa baruti, sasa hivi kilima hiki kingekuwa kimetukalia mapajani."

Lakini nyumbani hakuweza kujichekesha. Alikaa kwenye chumba chake kitupu, ambacho kwa mara ya kwanza mlango wake ulifungika, akatazama ukuta. Pamba zimekwisha na mavuno yako mbali. Kilichomuuma zaidi ni ule uso wa Joka. Mteja alikuwa amelala, amefurahi, kisha akaamkia majivu. Katika maisha yake yote ya ufundi hilo halikuwahi kumtokea. Seremala alikaa kando yake, akamshika mkono.

Mama mkwe alikuja na chai.

"Alilala vipi?" aliuliza.

"Vizuri sana, Mama. Ndiyo maana naumia."

"Sikuulizi uzuri. Nakuuliza mkao. Alilala chali?"

"Chali kabisa, miguu juu."

Mama mkwe akapiga kofi paja lake. "Si ndiyo hapo! Marehemu baba mkwe wako alikuwa hivyo hivyo. Akilala kwa ubavu, malaika. Akilala chali, mabati ya nyumba yanacheza. Unadhani nilifanyaje? Nilimfunga kibuyu mgongoni. Kila akigeuka chali kinamsukuma, anarudi ubavuni mwenyewe, wala haamki. Ndoa yangu iliokolewa na kibuyu, mkamwana."

Bi Pamba alimtazama, kisha akamtazama mumewe. "Kwa mgongo ule," alisema polepole, "tutahitaji pipa."

Pipa Seremala aliweza kulitengeneza. Pamba ndizo zilikuwa shida. Asubuhi Bi Pamba alikwenda uwanjani kueleza, na watu wakainamisha vichwa, maana hakuna aliyekuwa na pamba. Ndipo Mama mkwe akatokea mwisho wa mtaa. Alikuwa amebeba godoro lake kichwani, shingo imemzama mabegani. Akalitupa chini katikati ya uwanja.

"Chukueni," alisema. "Lina donge, lakini Joka ni mkubwa, hatalihisi. Na ninyi mnasubiri nini? Godoro la mtu asiyelala lina kazi gani?"

Kinyozi alianza kucheka. Akaenda kwake, akarudi na lake. Muuza maziwa akaleta la familia nzima. Kabla jua halijawa kali uwanja ulijaa magodoro, ya watoto, ya wazee, ya maharusi, hata la mke wa Mkuu wa Mji, aliyelileta mwenyewe mumewe akiwa ofisini. Bi Pamba aliyajua yote kwa mishono yake. Hakuyafumua. Aliyaunganisha moja kwa jingine yalivyo, na kazi ambayo ilikuwa imechukua muda mrefu mara ya kwanza ilikwisha upesi, kwa sababu kila mtu alishona pembeni mwa lake.

Walipofika pangoni Joka alikataa kupanda. "Nitaliunguza tena, Fundi. Ninyi mtalalia nini? Acheni nirudi kwenye vinara vyangu."

"Hutaliunguza," alisema Bi Pamba. "Utavaa pipa."

Pipa lilikuwa jepesi, la mbao laini, na kamba zake pana zilishonewa pamba ili zisimkwaruze. Lakini nani angelifunga? Ilibidi mtu apande juu ya mgongo, katikati ya mabawa, akaze kamba na kuzipigilia misumari kwenye pipa. Mafundo ya pipa lile alikuwa akiyajua mtu mmoja tu. Watu wote wakamtazama Seremala.

Seremala alimtazama Joka. Aliona magamba, mkia, na ile miguu iliyokaa kimjusi kabisa, ila kila mguu ulikuwa mkubwa kuliko kitanda cha watu wawili. Rangi ikamtoka.

"Mume wangu, si lazima," Bi Pamba alimnong'oneza. "Tutatafuta njia nyingine."

"Ameniangalia," alisema Seremala.

"Naweza kufumba macho," alisema Joka kwa upole, akayafumba.

Seremala akavuta pumzi, akachukua nyundo, akapanda. Alipanda akitambaa, na magamba yakalia chini ya magoti yake kama sahani kabatini. Alipofika juu alianza kupiga mluzi, ule wa kubebea vitanda, kwanza ukiwa na pumzi tu bila sauti, kisha ukashika. Akakaza kamba, akapiga msumari wa mwisho, akalitikisa pipa kuhakikisha. Kisha, bila kujua anafanya nini, akampigapiga Joka shingoni kama mtu anavyompiga rafiki begani.

"Ni wa vuguvugu!" aliwaambia waliokuwa chini, uso ukimng'aa. "Jamani, si wa baridi hata kidogo! Ni wa vuguvugu kama mkate!"

Joka akalala. Akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto. Akajaribu kwenda chali, pipa likamsukuma, akarudi ubavuni na kutabasamu usingizini. Mdomo ukabaki umefungwa. Moshi mwembamba ukatoka puani, taratibu.

Mji mzima ulisimama mlangoni mwa pango bila kupumua. Ilikuwa baada tu ya chakula cha mchana, nyuki wanavuma kwenye maua, na kwa mara ya kwanza tangu msimu ule uanze palikuwa kimya. Mchinjaji ndiye aliyeanza. Alikaa kwenye nyasi, akainamia magoti. Kisha Kinyozi. Kisha watoto, bega kwa bega. Hawakuwa na magodoro, lakini usingizi haukuwauliza. Bi Pamba alijilaza pembeni mwa godoro kubwa ili kulipima, kama desturi yake, na hakuweza hata kufikia katikati ya miayo. Mji wote ukalala kilimani mchana kweupe, na mwizi angetokea siku ile angebeba hata milango.

Kuhusu ile dhahabu iliyokuwa nje, Joka alikuwa amesema wazi, "Chukueni, isipokuwa vinara vya shangazi." Mkuu wa Mji akaihamishia kwake, "kwa usalama," alisema. Na kwa kuwa hakumwamini mtu, aliimwaga kitandani na kuilalia. Haukupita muda macho yakamwiva, akaanza kuwafokea makarani na kutupa vikombe. Mkewe alimwacha aendelee kufoka. Alikwenda tu kwa Bi Pamba kuagiza godoro jipya, la mtu mmoja, akatangaza uwanjani kwamba watu waje waichukue dhahabu. Ikajengewa shule paa lisiloshika moto, na kila nyumba ikapata pamba za mavuno mapya. Mkuu alilala, akaamka mpole, na sharubu zake zikaota upya pande zote mbili.

Bi Pamba alishona magodoro ya mji mzima, moja baada ya jingine, kila moja kwa mtihani wake. Hakuwahi kulala sana katika maisha yake kama mwaka ule. Mama mkwe, kwa upande wake, alipata mazoea mapya. Alipanda kilimani na kiti chake, akakaa karibu na Joka akifuma, akimlalamikia aliyelala. Alisema hakuwahi kupata msikilizaji mzuri namna ile.

Joka alipoamka ilikuwa asubuhi ya jua safi. Alishuka mjini na pipa lake mgongoni, magamba yanang'aa, macho meupe, akasimama mbele ya mlango wa mshona magodoro.

"Fundi," alisema, "nimelala mpaka nimeota ndoto. Nimeshukuru na sijui pa kuanzia. Niambie unachotaka."

Bi Pamba alifikiri. Hakukosa kitu. Alikuwa na kazi, mume, mama mkwe na chai. Lakini palikuwa na jambo moja, na aliona haya kulisema mbele ya watu, akamnong'oneza Joka sikioni. Joka akacheka, akainamisha bega.

Seremala alitoka karakanani na kumkuta mkewe amekaa juu ya pipa, mikono imeshika kamba, pamba zinapeperuka kichwani. "Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Juu!" alijibu Bi Pamba, na hakuna aliyesikia lililofuata, kwa sababu mabawa yalikunjuka na vumbi likafunika mtaa.

Wakapaa kupita mapaa, wakapita kilima, mpaka watu wakawa wadogo kama punje. Bi Pamba, ambaye maisha yake yote alitazama chini kwenye mshono, sasa akautazama mji wote kwa mara moja. Siku ile watu walikuwa wameanika magodoro yao juani. Yalitapakaa kwenye nyua, kwenye kuta fupi, kwenye madirisha, mistari yake inameremeta, mtaa baada ya mtaa. Hakuna hata moja ambalo hakulishona yeye. Akacheka kwa sauti, akalia kidogo, akacheka tena. Joka akazunguka mara nyingine bila kuambiwa.

Walipotua Bi Pamba aliteremka huku bado anacheka. Seremala alimpokea, akamkumbatia, akamshukuru Joka kwa kumrudisha mzima.

Mama mkwe alikuwa amesimama pembeni, kilemba kimefungwa kwa nguvu, ndala mkononi.

"Haya, pisha upesi, mkamwana," alisema. "Na wewe, baba, usipae taratibu kama ulivyompaisha huyu. Mimi si kikapu cha mayai."